Kurundika Fokasi kwenye Ua Linalotikisika

Ua likijaza fremu, kina cha picha hupotea ghafla. Chukua hibiskasi, na ule mkono mrefu unaochomoza katikati yake, stameni (nyuzi zinazobeba chavua) zikiwa zimeupamba ubavuni na stigma tano (vichwa vinavyopokea chavua) zikiwa nchani. Ukielekeza fokasi, yaani mahali ambapo lenzi inaonyesha wazi kabisa, kwenye stigma, stameni za kati zimeshaanza kuyeyuka, na koo la ua, pale petali zinapokutana, ni doa la rangi tu. Ukielekeza kooni, ile ncha inakuwa ukungu unaofunika nusu ya picha. Popote utakapoiweka fokasi, fremu moja haitoshi kulitendea haki ua hilo.

Tarakimu zinaeleza kwa nini. Kwa ukubwa wa moja kwa moja, yaani milimita 1 ya ua ikichukua milimita 1 ya kihisi cha kamera, na tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu inayoonekana kali kwenye kamera ya fremu kamili ni kama milimita 1 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa nusu ya ukubwa huo inafika karibu milimita 3. Mkono wa hibiskasi una sentimita kadhaa.

Jibu la kwanza linalomjia mpiga picha ni kufunga tundu: f/16, f/22, hata f/32. Lakini kwa ukaribu huo, nambari iliyoandikwa kwenye kamera haisemi yote. Kwa ukubwa wa moja kwa moja, f/16 hufanya kazi kama f/32, na mwanga uliobanwa kwenye tundu dogo kiasi hicho hutanuka kando unapopita, hivyo kila nukta inafika kwenye kihisi ikiwa kiduara chenye ukungu. Unapata kina, unapoteza vinyweleo vya petali na punje za chavua, vitu vilivyokufanya uinamie ua tangu mwanzo. Juu ya hayo, majani na vijiti vya nyuma vinaanza kuonekana wazi na kugombania macho ya mtazamaji.

Hapo ndipo nilipogeukia kurundika fokasi: kupiga fremu nyingi za ua lilelile, kila moja ikiwa na fokasi iliyosogea kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kuiachia programu ichukue sehemu kali ya kila fremu na kuziunganisha ziwe picha moja. Ndani ya chumba, kwa kitu kisichosogea, hii ni kazi inayotaka subira tu. Nje ni kazi nyingine kabisa. Maelezo mengi niliyosoma yanaanzia kwenye kompyuta. Uzoefu wangu unaniambia kwamba picha ya namna hii hufaulu au huharibika kabla fremu ya kwanza haijapigwa, katika kuchagua saa, upande wa kusimama, na zaidi ya yote, kiasi gani cha ua kinahitaji kuwa kikali.

Nianze na upepo, kwa sababu ndio unaomaliza watu nguvu. Sisemi upepo wa kupeperusha kofia. Kwa ukubwa wa moja kwa moja, ua likisogea milimita 1, taswira yake kwenye kihisi nayo inasogea milimita 1. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36. Kikiwa na nukta 6,000 kwa upana, milimita hiyo moja ni nukta zaidi ya 160. Pumzi ya mtu aliyeinama juu ya ua inatosha kulisogeza hivyo.

Saa nzuri ni alfajiri kunapopambazuka. Kabla jua halijaipasha ardhi, hewa ya chini huwa imetulia. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, hewa yake hupaa, nyingine hukimbilia kuziba pengo, na mashina membamba ndiyo ya kwanza kupata habari. Hata siku iliyotulia, upepo huja kwa mawimbi. Nimezoea kutazama nyasi ndefu zilizo upande unakotokea upepo, hatua kadhaa kabla ya kulifikia ua langu. Zikiinama najua sekunde zinazofuata si zangu. Zikisimama, bado sianzi mara moja, kwa sababu shina huendelea kuyumba baada ya upepo kupita, na shina refu lililobeba ua zito huchelewa kutulia kuliko fupi. Kwa hiyo kati ya maua mawili yanayonivutia sawasawa, nachagua lililo kwenye shina fupi, au lile lililoegemea tawi.

Shina lenyewe nalisaidia. Kijiti kilichochomekwa ardhini kando yake, kikiwa na kibanio laini kinachoshika shina chini kidogo ya ua, hupunguza mtikisiko kwa kiasi kikubwa. Sharti kijiti kisimame peke yake. Kikifungwa kwenye mguu wa tripodi, kila unapogusa kamera unalitikisa na ua. Mimea ya porini siikazi kibanio, wala sing'oi majirani zake ili kusafisha mandhari ya nyuma. Jani linaloziba naliinamisha kwa muda na kuliachia nikimaliza. Mwavuli mweupe nao unafaa sana: unakinga upepo wa upande mmoja na papo hapo unalainisha jua kali lisichome petali.

Programu inaweza kurekebisha fremu iliyohama kushoto au kulia, juu au chini. Isichokiweza ni ua lililogeuka. Likizunguka hata kidogo kwenye shina lake, stameni ya mbele inahama kuhusiana na petali ya nyuma, na hakuna kuvuta wala kunyoosha kutakakoyapatanisha mambo hayo. Kwa sababu hiyo napiga msururu uleule mara kadhaa, bila kubadilisha chochote, hata pale ninapoamini wa kwanza umetoka vizuri. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera hakionyeshi ua lililogeuka nyuzi moja au mbili. Kompyuta inaonyesha.

Kuna mwendo mwingine ambao upepo hauhusiki nao, na huu ulinichukua muda kuutambua. Ua lenyewe linasogea. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliandika mwaka 1751 juu ya maua yanayofunguka na kufunga kwa saa zinazojulikana, kiasi kwamba aliyaona yanaweza kupangwa yawe saa ya bustani. Kwa anayerundika fokasi, habari hiyo ni ya kazi kabisa. Tulipu hufunguka joto likipanda, kwa hiyo tulipu iliyoanza kupigwa na jua katikati ya msururu si ile uliyoanza nayo. Yapo maua ya jioni ambayo petali zake hufunguka ndani ya dakika chache, mbele ya macho yako. Alizeti changa hufuata jua mchana kutwa. Iliyokomaa hutulia ikitazama mashariki, na ndiyo ninayoichagua. Dalili ya mwendo wa namna hii kwenye picha iliyounganishwa ni ukingo wa petali wenye kivuli cha pili, umejirudia upande mmoja tu. Ukiona hivyo siku isiyo na upepo, hamia kwenye ua lililokwisha kufunguka au fupisha msururu.

Mipangilio ya kamera haina mengi. Kila kitu kiwe cha mkono: mwangaza, ISO (kiwango cha kihisi kuitikia mwanga), kasi ya shata, uwiano wa rangi. Faili ziwe ghafi (RAW), ambazo kamera haijazichakata. Chochote kikiachiwa kamera ijiamulie, fremu moja itatoka na rangi tofauti na jirani yake, na tofauti hiyo itaonekana kama mabaka. Kiimarisha picha cha lenzi, kile kinachotuliza mtikisiko wa mkono, nakizima kamera ikiwa kwenye tripodi. Shata ya kielektroniki huondoa mtetemo, ila kwenye kamera nyingi haikubali fleshi.

Suala la kusogeza fokasi lina utata kidogo zaidi. Unaweza kuzungusha pete ya lenzi, au kuacha lenzi ilivyo na kuisogeza kamera nzima juu ya reli ndogo yenye skrubu. Kwa maua mengi, ambayo tunayapiga chini ya ukubwa wa moja kwa moja, pete ndiyo bora, kwa sababu mahali ambapo lenzi inalitazamia ua hapabadiliki sana. Reli inaipeleka lenzi mbele, na mtazamo unabadilika kila hatua: stameni inayofunika petali kwenye fremu ya kwanza inafunika sehemu nyingine kwenye fremu ya mwisho. Ukipita ukubwa wa moja kwa moja, kwa mfano kwenye chavulio moja tu, yaani kifuko cha chavua, reli inarudi kuwa na faida, maana huko hatua ni ndogo kuliko vidole vinavyoweza kuzungusha.

Siku hizi kamera nyingi hufanya kazi hii zenyewe. Olympus OM-D E-M1 ilipata uwezo huo mwaka 2015 kwa toleo jipya la programu yake ya ndani, ikawa inapiga fremu 8 na kuziunganisha humohumo. Nikon D850 ilikuja nao mwaka 2017, ingawa yenyewe hupiga tu na kukuachia uunganishaji. Nimeupenda uwezo huu kwa sababu moja: kasi. Kamera inamaliza msururu ndani ya kituo kimoja cha upepo, pale unapopumzika, wakati mkono wangu ungekuwa bado kwenye fremu ya nne. Tatizo ni kwamba ukubwa wa hatua huandikwa kwa nambari isiyo na kipimo, na kamera mbili zikiandika 3 hazimaanishi kitu kimoja. Dawa ni rula. Ilaze mezani, iinamishe kuelekea lenzi, piga msururu, kisha hesabu kila fremu inakula milimita ngapi. Ukishajua hivyo kwa lenzi yako na tundu unalolitumia, huhitaji tena kubahatisha shambani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa nusu ya ukubwa halisi na f/5.6, kila fremu inakupa kama milimita 2 za ukali. Fremu lazima zipishane, na mimi nazipa karibu theluthi, hivyo nasogea milimita 1.4 kila mara. Ua lenye kina cha milimita 20 litataka fremu kama 15. Hatua ikiwa kubwa mno, picha ya mwisho inapata mistari ya ukali na ukungu inayopokezana, hasa kwenye petali iliyolala kuelekea kamera, na hakuna programu inayoweza kubuni kilichokosekana. Hatua ikiwa ndogo mno, unapoteza muda, na upepo unarudi.

Sasa nifike kwenye lile ninalolijali kuliko yote: mahali pa kuukomesha ukali. Uwezo wa kulifanya ua zima liwe kali, kutoka ncha ya stigma hadi sepali (vijani vinavyolikumbatia ua) za nyuma na jani la chini yake, ni mtego. Picha ya hivyo inafaa kitabu cha kutambulisha mimea, na hapo ina heshima yake. Lakini macho ya binadamu yakiwa karibu na ua hayaoni hivyo. Yanashika kitu kimoja, mengine yanakuwa pembeni. Ua lililo kali kila mahali linaonekana kama limebandikwa, uhai wake umebaki bustanini.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, najiuliza ni wapi nataka ukali uishie, na najibu kwa milimita. Kwenye alizeti, kwa mfano, yale maua madogo yaliyojaa kwenye sahani ya katikati hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea ndani, na mpaka kati ya yaliyofunguka na yaliyofumba ndiyo hadithi yote. Narundika mpaka huo wa mviringo na katikati yake, naziacha petali za njano za pembeni zilainike kadiri zinavyojikunja kwenda nyuma. Kwenye hibiskasi narundika mkono kuanzia stigma hadi stameni ya mwisho, naishia kabla ya koo. Koo likibaki laini, mkono unasogea mbele, unamjia mtazamaji.

Hili ndilo linalonifanya nirundike kwa tundu lililo wazi, f/4 au f/5.6, badala ya f/11. Fremu zinaongezeka, kweli. Lakini fremu ya mwisho ndiyo inayotoa mandhari ya nyuma, na kwa f/4 mandhari hiyo inabaki rangi tupu. Unapata ukali wa ua ambao f/32 isingeweza kukupa, na ulaini wa nyuma ambao f/32 ingeuharibu, vyote katika picha moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu halisi ya kujitaabisha na kazi hii.

Umande unataka uangalifu wa pekee. Tone lililokaa kwenye petali ni lenzi ndogo, nalo linachora ndani yake taswira iliyopinduka ya vilivyo nyuma. Taswira hiyo inakaa mbele kidogo ya tone lenyewe, upande wa kamera. Ukianzia fokasi kwenye ukingo wa tone, umeshaiacha. Naanza fremu kadhaa kabla ya tone, mahali ambapo hakuna chochote kinachoonekana kikali, na huko ndiko ninakolikuta lile ua dogo lililopinduka, safi kabisa.

Kwenye kompyuta, Helicon Focus na Zerene Stacker zimetengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa; Photoshop nayo huunganisha, na kwa ua lenye umbo rahisi inatosha. Cha kujua ni kwamba zipo njia zaidi ya moja za kuunganisha, na kila moja ina tabia yake. PMax ya Zerene huvunja kila fremu katika tabaka za maelezo, kutoka manene hadi membamba, na kuchukua yenye nguvu zaidi. Haina mpinzani penye vinyweleo na stameni zinazopishana, ila huongeza chengachenga na kukoleza tofauti ya mwanga na kivuli. DMap, kwa upande wake, hukadiria kila sehemu iko umbali gani na kuamua itoke fremu ipi. Inatunza rangi na ulaini wa petali vizuri sana, lakini hujikwaa pale stameni moja inapopita mbele ya nyingine. Naendesha zote mbili. Picha ya msingi inatoka DMap, kisha kwa brashi nachukua stameni kutoka PMax. Kazi hiyo ya brashi ndiyo inayotenganisha picha iliyounganishwa na picha iliyokamilika, na siioni kama usumbufu.

Halafu kuna ule mng'ao wa ukungu unaozunguka ncha za mbele, ambao kila anayeanza hulalamikia. Chanzo chake hakiko kwenye programu. Fokasi ikiwa nyuma, stameni ya mbele haipotei; inavimba na kuwa wingu pana kuliko yenyewe, na wingu hilo linaifunika petali iliyo jirani yake. Ukanda mwembamba kando ya stameni basi hauko wazi kwenye fremu yoyote: fokasi ikiwa mbele, petali ina ukungu, ikiwa nyuma, petali imefunikwa. Programu haiwezi kuchukua kisichokuwepo. Kadiri tundu lilivyo wazi na kitu cha mbele kilivyo mbali na cha nyuma, ndivyo ukanda unavyopanuka, na hii ndiyo gharama ya f/4 niliyoisifu. Ninachofanya ni kubadilisha upande: nasogeza kamera mpaka ncha ya stameni iangukie kwenye mandhari ya nyuma iliyo laini badala ya petali yenye mishipa. Laini juu ya laini haionyeshi ukanda. Upande ukikataa, nafunga tundu hadi f/8.

Mwanga uwe wa mawingu mepesi yaliyotanda sawa. Mawingu ya vipande vipande yanasumbua, maana jua likichungulia kwa fremu tatu katikati ya msururu, mwangaza unaruka na vivuli vinazaliwa upya. Subiri wingu lote lipite, au lote lifunike. Fleshi iliyopunguzwa nguvu hulipuka kwa muda mfupi sana, hivyo hugandisha mtikisiko ndani ya fremu moja. Haizuii ua kuhama kati ya fremu na fremu.

Nyuki akitua katikati ya msururu, ua huinama kwa uzito wake na msururu huo umekwisha. Siachi kupiga. Naipeleka fokasi kwenye jicho lake na kuendelea fremu moja moja, kisha akiondoka nasubiri shina lirudi mahali pake na kuanza upya tangu mbele.

Na zipo siku ambazo nyasi hazisimami kabisa. Siku hizo natafuta ua bapa, la jamii ya dezi kwa mfano, nanyoosha kamera mpaka kihisi kilingane na uso wa ua, kila petali iwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, nafunga f/11 na kupiga fremu moja kwa kila kituo kifupi cha upepo. Kwa ua lililokaa hivyo, fremu hiyo moja huwa na ukali wa kunitosha.